Vidonge vya Maji na Safari ya Kwaya

Jumanne, 10 Agosti 1976
Miguu imevimba, viatu havifungiki. Ngazi tatu tu za kanisa, nahema kama ng'ombe wa mnadani. Na Jumapili ni mashindano ya kwaya Kasulu! Mwalimu wa kwaya ya Kibondo ni mimi, Ndihokubwayo, mwaka wa kumi na moja huu. Msaidizi wangu Nsengimana akiiona miguu hii atajitolea kunipumzisha. Namjua. Hata nikipiga chafya hujitolea.

Kesho zahanati. Kwa siri.

Jumatano, 11 Agosti
Siri gani! Nesi wa zamu alikuwa Esteri. Mke wa Nsengimana, tena mwanakwaya wangu!

Mganga alinipima presha, akanuna, akaandika vidonge vya kutoa maji mwilini. Kabla ya kunipa, Esteri akaanza maswali. Dawa za salfa zimewahi kunidhuru? Nikasema hata siku moja. (Mwaka juzi zilinitoa vipele mpaka kwenye kope.) Natumia dawa nyingine, hata ya kienyeji? Hapana. (Mizizi ya yule mzee wa Munanila, asubuhi na jioni.) Pombe? Nikacheka kama mtu aliyetukanwa. (Ya ndizi. Jana.) Ningesema kweli, habari ingefika mezani kwa Nsengimana kabla ugali haujapoa.

Akaniagiza: kidonge kimoja, asubuhi. Siku ya safari nisimeze mpaka nifike. Nikiinuka, niinuke taratibu. Ngozi ikiwasha, niache dawa na nirudi mbio. Akauliza kama nimeelewa. Nimeelewa yote. Lakini kimoja! Kwa miguu hii?

Alhamisi, 12 Agosti
Nimemeza viwili. Mizizi juu yake. Mke wangu, Mama Epifania, anasema nihamishie kitanda chooni, nipunguze mwendo. Acha aseme. Viatu vimefungika! Nimepita mbele ya nyumba ya Nsengimana mara tatu, polepole, ayaone mafundo ya kamba. Ya nne sikuimaliza. Nilirudi nyumbani mbio, nimebana magoti.

Jumamosi, 14 Agosti
Kasulu. Nimefika, lakini kwa aibu!

Nilimeza viwili kabla ya kupanda lori, miguu isije ikavimba njiani. Hata maili tano hatujamaliza, nikagonga paa la dereva. Hilali akasimama. Nikaingia kichakani. Baada ya muda mfupi, tena. Halafu tena. Kila nikishuka, Hilali anazima injini. Wanakwaya wakichoka kungoja, Nsengimana anawaimbisha. Nikiwa nyuma ya kichaka karibu na Makere nikaisikia sauti ya pili, ile iliyonishinda tangu Pasaka, imekaa sawasawa. Nilishuka mara tisa. Maana yake mazoezi tisa, na mwalimu ni Nsengimana!

Hilali aliniuliza kwa upole kama nagombea ubunge, mbona kila kijiji nashuka.

Mikono inawasha. Mbu tu.

Jumapili, 15 Agosti
Si mbu.

Nimeamka na uso kama andazi. Paroko alinipa mkono kama mgeni, kisha akamwuliza Nsengimana mwalimu wao yuko wapi. Nilivumilia. Jina letu lilipotajwa nikaruka wima kutoka kwenye benchi, watu waone nilivyo imara. Kanisa likazunguka. Nikaangukia ngoma, na chini ya ngoma alikuwepo mpigaji wake, Niyibizi, maskini.

Esteri aliacha nafasi yake kwenye kwaya, akanipeleka hospitali kwa gari la paroko. Midomo ilikuwa inavimba. Nikaogopa kweli. Akilini nilimwona Mama Epifania na kitambaa cheusi. Nikamwambia daktari yote: salfa, mizizi, pombe, vidonge viwili viwili. Esteri akiwa palepale. Nilidhani atacheka. Machozi yalimlengalenga.

"Baba Epifania, ulitaka kufa kwa kuniogopa mimi? Mambo ya mgonjwa hata mume wangu simwambii. Mpaka leo asubuhi hakujua kama unaumwa."

Nikageukia ukutani. Si rahisi kulia na uso uliovimba hivi. Machozi hayajui pa kupita.

Jioni walileta habari. Kibondo ya kwanza. Haijawahi kutokea. Nilipiga makofi, polepole, maana yanawasha.

Jumatano, 18 Agosti
Nyumbani. Uso umerudi. Nimepewa vidonge vya namna nyingine. Mizizi ameitupa Mama Epifania, pamoja na sufuria yake. Daktari alisema nimeponea chupuchupu, na chanzo si dawa, ni ulimi wangu. Nimekubali kwa moyo wote.

Nsengimana amekuja na mkungu wa ndizi. Amesema nisiharakishe kurudi kazini. Namjua!

Lakini Hilali amenong'ona kwamba parokia ya Kakonko inatafuta mwalimu wa kwaya. Barua nimeshaandika. Afya: njema kabisa, kidonge sijui hata ladha yake. Pombe: naisikia kwa watu. Wanataka na sahihi ya mtu wa zahanati.

Kesho ni Alhamisi. Nimeulizia. Esteri hayuko zamu.