Shikamoo ya Karata Mbovu

Jumatatu, 4 Machi
Vita vya dirisha vimepangiwa siku. Jumapili! Mama mkwe anataka kochi lake likae dirishani, jua limpashe goti. Mimi nataka cherehani yangu ibaki palepale ilipo. Fundi asiyeona tundu la sindano atashona nini? Mke wangu amechoka kutuamua. Kasema tucheze, atakayeshinda achukue dirisha, na asisikie tena neno. Mama mkwe akachagua mchezo mwenyewe: poka ya kwenye simu, ule mchezo wa karata anaocheza kutwa akiuguza goti. Chipu zake, yaani vibao vya kuwekea dau, ni za bure, za kuchezea tu. Kila mtu chumbani kwake, hakuna kutazamana usoni. Nikakubali haraka asije akabadili mawazo. Masikini mama wa watu! Hajui kwamba mdomo wangu ndio mtaji wangu.

Jioni nimeunguza shuka lake kwa pasi. Kidogo tu, pembeni. Nikalikunja upande mzuri ukae juu, nikampelekea na kumwamkia kwa heshima zote. Akanitazama sana. Nadhani ameanza kunipenda.

Jumanne, 5 Machi
Nimefanya utafiti. Kumbe chini ya ile meza ya kwenye simu kuna mahali pa kuandika maneno, na wajuzi wanasema maneno yanashinda karata. Unamsifu mtu, unamchokonoa, unamtia hofu, mwishowe anatupa karata nzuri kwa mkono wake mwenyewe, na dau lote linakuwa lako. Hapo ndipo penyewe!

Nikajaribu na wageni wa mtandaoni. Nilikuwa na karata za ovyo kabisa. Nikaandika kwamba waondoke mapema, nawaonea huruma. Kumbe pale mezani hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Mmoja akanijibu kwa picha ya ndizi. Wakanifyeka wote. Haidhuru. Silaha ni nzima, lugha tu ndiyo iliyoniangusha.

Jumatano, 6 Machi
Leo zamu ya shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi. Nikamwandikia kwamba najua karata alizoshika na namshauri kama ndugu. Akatupa karata papo hapo! Nilicheza ngoma peke yangu kuzunguka cherehani.

Mke wangu anadai shemeji alikuwa ananyoa mtu, akabonyeza kwa bahati mbaya na kidole chenye povu. Eti mteja mwenyewe ameondoka na ndevu za upande mmoja. Wivu tu. Wanaukoo hawapendi kuona mkwe akipaa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeipata! Nimeipata!

Mama mkwe aliniita tucheze kidogo, kupasha misuli moto kabla ya Jumapili. Mkono wa kwanza akapandisha dau. Mimi nimeshika mbili ya pau na saba ya uru, takataka tupu. Sijui nini kilinituma, nikaandika: "Shikamoo mama." Nikasikia kupitia ukutani: tuk. Tuk. Tuk. Kidole kimoja kinatafuta herufi. Yule mama hawezi kuiacha shikamoo ikae bila jibu, hata nyumba iwe inaungua! Saa ya mchezo, inayompa kila mtu sekunde chache tu za kuamua, ikamwishia akiwa bado anaandika, simu ikazitupa karata zake yenyewe. Karata zake! Nikauma kitambaa cha mteja nisicheke kwa sauti.

Basi nikaitumia mchana kutwa. Karata zikiwa nzuri, nakaa kimya. Ya nini kumsumbua mzazi? Zikiwa mbovu, shikamoo. Mke wangu akapita akauliza mbona leo adabu imezidi. Nikamwambia ni malezi.

Jumapili, 10 Machi
Tumeanza baada ya chakula cha mchana, mke wangu na shemeji wakiingia kujaza meza. Mke wangu katolewa mapema na hakuonekana kujali. Shemeji naye akafuata. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na chipu zangu zimerundikana mpaka raha. Nikalitazama dirisha, nikaliambia lisiwe na wasiwasi.

Ukaja mkono niliodhani ni wa mwisho. Nne ya shupaza na tisa ya kopa. Mezani hakuna hata karata moja inayonihusu. Nikaweka zote! Nikaandika: "Shikamoo mama." Nikatega sikio kwa ajili ya tuk, tuk.

Hakuna tuk.

Ikaja sauti yenyewe, ikapenya ukuta: "Marahaba, baba!" Na hapohapo simu ikaonyesha kanifuata kwa chipu zake zote. Ana nini? Jozi ya tano! Mtu mzima na akili zake anaweka kila kitu kwa jozi ya tano? Wacha bwana!

Mkono uliofuata ulimaliza zile chipu chache nilizokuwa nimemzidi. Nikaenda chumbani kwake kuuliza amejuaje. Alicheka mpaka akashika goti. Akasema tangu nimwoe binti yake, nikimwamkia vizuri yeye huinuka akatafute nilichoharibu. Hata lile shuka aliliona siku ileile. Mke wangu alikuwa mlangoni, anafuta machozi ya kicheko. Iliniuma, sifichi. Nililipenda lile dirisha.

Jumatatu, 11 Machi
Cherehani imehamia ukumbini, karibu na mlango wa jikoni. Kusema kweli si pabaya. Mlango ukiwa wazi mwanga unaingia wa kutosha, upepo upo, na birika la chai linapita kwangu kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Mama mkwe kasema sindano ikinishinda niende kuitungia uzi kwake dirishani, kochi lina nafasi. Nimeshona suruali mbili huku napiga mluzi.

Tena nimekaa nimetafakari, na kosa nimeliona. Shikamoo ni fupi mno! Jibu lake ni neno moja, mtu analipigia kelele tu ukutani. Mechi ya marudiano nitamwamkia, halafu nimuulize goti limelalaje, limeamkaje, na daktari anasemaje. Hapo hata akipiga kelele, saa itamwishia.

Nikaenda kuomba hayo marudiano. Nikajikaribisha pembeni ya kochi, polepole, kwa adabu. Kitu kikalia kra chini yangu.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia, macho yake bado yako dirishani. "Miwani au rimoti?"

Miwani. Sasa huyu mama anajuaje?