Mbuzi Watatu na Mkono wa Kunata

Jumatatu, 1 Agosti 1988. Emali.

Mzee Kisilu amekataa tena. Jana baada ya kanisa nilienda kwake Mbumbuni, shati limepigwa pasi, kumwomba binti yake arudi. Syombua ni mke wangu. Tuna mtoto, Muthoki, siku hizi anatembea. Lakini Mzee anasema hana mkwe anayeitwa Nzuki. Ati mbuzi watatu wa ntheo sijawahi kuwaleta, na bila ntheo, kwetu Wakamba, hakuna ndoa, kuna mazoea tu. Hakupandisha sauti. Alinipa hata chai. Hiyo chai ndiyo iliniuma.

Hakuna anayekumbuka kwamba mbuzi nimewahi kuwa nao. Mara mbili! Wa kwanza niliwauza nikanunua mashine ya kuangua vifaranga. Stima ikapotea, mayai yakanuka mpaka stesheni. Hilo ni kosa langu? Wa pili nilibadilishana na pikipiki. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa injini. Nani angejua?

Syombua alisimama mlangoni mwa jikoni, mtoto mgongoni. Aliangalia viatu vyangu, lile vumbi lote la njiani, halafu akaingia ndani.

Jumatano, 3 Agosti.

Mungu yupo! Gicheru mwenye hoteli ametangaza ndondi, Jumamosi ya wiki ijayo, uwanja wa nyuma ya stesheni. Zawadi ni mbuzi watatu. Watatu! Kama wamepimwa kwa Mzee Kisilu.

Atakayepigana na bingwa ni yeyote mwenye moyo. Bingwa ni Mathenge wa bucha. Mtu mnene, shingo hana. Tangu ile pikipiki ananiita Fundi Injini mbele ya wateja, na wanawake wanacheka na nyama yao mkononi.

Wacha acheke. Mimi nina siri. Mwaka juzi nilibeba zege Nairobi kwa Wachina waliokuwa wakijenga. Mpishi wao, Mzee Chen, alinifundisha mkono wa kunata. Unaweka kifundo cha mkono wako juu ya cha mwenzako na huachi. Akisukuma, unalegea. Akirudi nyuma, unamfuata. Unafunga macho, na ngozi inakuambia ngumi itatokea wapi kabla haijatokea. Halafu mkono wako mmoja unakandamiza yake yote miwili, na ule mwingine unapiga utakavyo. Kiswahili cha Mzee Chen kilikuwa "pole pole" na "sukari" tu. Lakini tulielewana kabisa.

Ijumaa, 5 Agosti.

Mazoezi na dada yangu Nzilani, anayeuza maharagwe sokoni. Alikuwa amechoka. Alinisukuma mara moja nikaingia kwenye pipa la maji. Akasema Syombua alikuwa akiniweza vizuri zaidi, akaenda zake kupika.

Ni kweli. Niliporudi kutoka Nairobi nilimfundisha Syombua. Jioni tulikuwa tunasimama nje, mikono imegusana, ugali unapoa ndani. Alikuwa anajua nitaenda wapi kabla mimi mwenyewe sijajua. Siku moja alisema anausikia mkono wangu nikidanganya. Nikacheka sana. Alikuwa amenishika hivi, taratibu, na hakucheka.

Leo nilifanya mazoezi na nguzo ya mlango. Nguzo haisukumi. Machozi yalinitoka kidogo. Nilisema ni moshi, lakini moto nilikuwa sijawasha.

Jumanne, 9 Agosti.

Nilimwendea Gicheru kuomba glavu nyembamba, kwa sababu za kitaalamu. Akasema glavu ni zile za klabu ya reli au nipigane na kuku. Nimeziona. Ni mito ya kulalia.

Nilinunua nyama nusu kilo kwa Mathenge, kusudi nimwangalie mikono. Alinifungia mfupa mtupu. Akasema Fundi Injini ajaribu kuuwasha.

Nimetuma ujumbe Mbumbuni. Mzee Kisilu aje aone mwenyewe.

Jumamosi, 13 Agosti.

Naandika kwa jicho moja. Lingine limefungwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri! Nilimnata Mathenge kama matope ya Aprili. Alikwenda kushoto, niko. Kulia, niko. Watu wakasogea karibu. Nikamkandamiza mikono yake yote miwili chini, kabisa, kama alivyofundisha Mzee Chen. Hapo nikagundua nimetumia yangu yote miwili. Ya kupigia hakuna! Tukasimama hivyo. Mtu akapiga mluzi wa arusi. Mwalimu Evanson, refa, akasema nisipoacha kukumbatia mtu atanitoa.

Nikaanza upya, mkono juu ya mkono. Lakini kupitia zile glavu sikusikia kitu. Ndipo nikakumbuka: macho. Nikafunga macho.

Sikumbuki mengine. Nilipoamka nilimwona Mzee Kisilu amesimama juu yangu, kofia mkononi, na mimi kifua wazi mbele ya baba mkwe. Aibu gani hii. Alimwambia Nzilani anioshe uso, akaenda kutafuta gari la Mbumbuni. Alionekana mzee kuliko wiki ile nyingine.

Jumanne, 16 Agosti.

Sijui niandike nini. Asubuhi Nzilani alinigongea. Nyuma yake mbuzi watatu! Majike mawili na beberu mweusi, wanono.

Ni wa Syombua. Nyanya yake alimpa jike moja akiwa msichana, likafugwa kwa shangazi yake huko Nuu, likazaa. Mzee hajawahi kuwaona, hawezi kuwatambua. Wamekuja na lori la mfanyabiashara, na Syombua amemwachia Nzilani maneno, na Nzilani akanipa jinsi alivyopewa:

"Mwambie awalete Jumamosi. Aseme ni wake. Nitamngoja barabarani na mtoto."

Nililia, na safari hii sikutaja moshi. Mwanamke ananiolea! Mali yake yote iko hapa, imefungwa kwenye nguzo ya mlango, inakula kamba. Jumamosi asubuhi na mapema nitakuwa Mbumbuni. Nimefagia nyumba. Nimeanika lile godoro.

Alhamisi, 18 Agosti.

Nilikuwa nawapeleka mbuzi maji. Si kosa langu kwamba njia inapita mbele ya bucha. Mathenge akauliza Fundi Injini ameiba wapi mbuzi. Watu wakacheka. Nikamwambia bila yale magodoro ya mikononi nisingeanguka. Akasema basi Jumamosi, mikono mitupu, mbuzi zangu kwa zake.

Nilikataa. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikataa, mpaka nilipofika pale kwa fundi viatu.

Halafu nikafikiri, nikarudi kukubali. Mikono mitupu! Ngozi kwa ngozi! Ndiyo yenyewe ya Mzee Chen. Nikienda Mbumbuni na watatu, nimepeleka mbuzi za mwanamke. Mwanamume gani huyo? Lakini nikiwa na sita, watatu wa Mzee, na watatu wa Syombua namrudishia mkononi. Pigano ni saa nne. Saa sita niko Mbumbuni. Nzilani sikumwambia. Ana kelele.

Jumamosi, 20 Agosti.

Mathenge alikuwa anatoka kukata nyama. Mafuta mpaka kwenye viwiko! Nani anaweza kunata kwa mafuta? Nilimshika mara tatu akateleza mara tatu. Ya nne nilifunga macho.

Mbuzi amewapeleka nyuma ya bucha. Yule beberu alikuwa ananiangalia.

Nzilani alirudi kutoka Mbumbuni jioni hii. Alikuwa amekwenda kula ntheo ya kaka yake, amevaa ile nguo ya kanisa. Aliniangalia uso, akaangalia nguzo ya mlango, kamba tupu, akakaa chini. Alisema Syombua alikuwa barabarani tangu asubuhi. Alimvalisha Muthoki viatu. Kila gari lililosimama mtoto alipiga makofi. Jua lilipozama, Syombua alimvua mtoto viatu, akamwambia Nzilani:

"Mwambie nilingoja. Sasa singoji tena."

Nimeuliza kama alisema kwa hasira. Nzilani akasema hapana, kwa sauti ya kawaida. Hiyo sikuipenda. Ingekuwa hasira ingepoa. Nimekaa na mkono wangu juu ya meza, kiganja juu, sijui kwa nini.

Lakini kosa nimelipata. Ni macho! Mzee Chen alifunga yote mawili kwa sababu alikuwa mpishi, hapigani na watu wa bucha. Unatakiwa kufunga moja. Kesho baada ya kanisa naanza mazoezi ya jicho moja, na Mathenge nitadai anawe na sabuni mbele ya refa.

Mathenge ameshakubali turudiane. Ameuliza tu nina nini cha kuweka safari hii. Nimezunguka nyumba nikitafuta. Kuna kitanda. Ni kile tulichonunua na Syombua, mbao za mvule.

Ni kikubwa kwa mtu mmoja, hata hivyo.