Nataka Kuitwa Radi

Jumatatu, 6 Machi 1978

Zimebaki siku tano. Jumamosi sisi mbegu tunapewa majina. Mbegu ni wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa tumefukiwa hapa chuoni na hakuna ajuaye tutaota nini. Unasimama juu ya karai lililogeuzwa katikati ya bwalo, wazee wa bwalo wanatupa majina mpaka moja linashika, kisha mwenyekiti wao anakumwagia uji kwenye buti. Basi, ndilo jina lako jeshini mpaka ustaafu. Hao wazee wenyewe ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wana miaka ishirini na mmoja.

Na jina hufuata mtu. Mjomba wangu alipita chuo hiki hiki akaitwa Sabuni. Siku ya harusi yake mchungaji alimuuliza bibi harusi kama amemkubali Sabuni.

Mimi nataka Radi. Tena si kutaka tu, ni lazima. Tangu Februari namwandikia Mutindi, mwalimu wa chekechea kule Nunguni, na kila barua natia sahihi "wako Radi". Nilimwambia wazee wamenipa jina mapema kwa heshima ya pekee. Jumapili hii ni siku ya wageni, na anakuja na mama yake. Wakisikia jina lingine nimekwisha.

Shida ni sheria. Mbegu haruhusiwi kuomba jina. Mwaka jana mmoja aliomba Simba, na leo anaitwa Kamasi. Kwa hiyo nitatumia akili.

Jumanne, 7 Machi

Mpango wa kwanza, sauti. Kwenye gwaride, tulipohesabiana, nilijaza kifua na kunguruma "kumi na saba". Sauti ikakatika katikati. Sajini Kiema akauliza ni nani ameleta jogoo kwenye gwaride lake. Nikapelekwa Mombasa, yaani juu ya kilima na gunia la mchanga begani. Kwa jua hili la Mwingi!

Kang'ethe, anayelala kitanda cha pili kutoka changu, alinisaidia kulibeba hatua za mwisho bila kuombwa. Ndiyo tabia yake. Wazazi wake wana duka Emali, mama yake ni wa kwaya, na yeye mwenyewe hana hila hata moja. Juzi alishinda mbio za nyika akamwomba msamaha aliyekuwa wa pili. Ananiudhi sana.

Jumatano, 8 Machi

Leo ni leo. Nimempa mpishi, Mzee Kilonzo, chupa nzima ya asali. Nikamweleza taratibu: wakati wa kugawa risasi (ndiyo muthokoi wa hapa, mahindi yaliyokobolewa na maharage, meno yetu yanajua kwa nini), aniite Radi kwa sauti. Wazee watalisikia, watalizoea, Jumamosi watadhani wamelibuni wao. Alichovya kidole katika asali, akalamba, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Baadaye. Msiba. Kwenye foleni Kang'ethe alikuwa mbele yangu. Mzee Kilonzo akainua upawa, akapaza sauti bwalo zima likageuka: "Radi! Lete sahani, Radi!" Akamwongeza risasi mpaka zikamwagika. Mimi akanipa nusu, bila jina.

Nilimfuata jikoni. Akasema sisi sote tumenyolewa, na kwake kipara ni kipara. Nikaomba nirudishiwe asali. Ilikuwa imekwisha.

Alhamisi, 9 Machi

Tangu asubuhi chuo kizima kinamwita Kang'ethe Radi. Naye anaitika.

Nilimpeleka nyuma ya ghala nikamwonya kwamba jina hilo huvuta radi za kweli. Akajibu kwamba radi ni za Mungu. Nikamwambia ukweli. Akasema yeye hajali ataitwa nani, na kama nalitaka, atakwenda sasa hivi kwa Ndeti, mwenyekiti wa bwalo, amwambie kwamba mimi, Mwangangi, ndiye ninayeliomba. Ilibidi nimshike mkanda. Amekubali kunyamaza, lakini akiulizwa hatadanganya.

Mpango wa tatu, basi. Saa ya mapumziko nimejifungia chooni nikajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ili hati yangu isijulikane. Kurasa nne. Kisha nikaandika: "Wazee wenzangu, msidanganyike. Radi halisi ni mbegu Mwangangi. Hata Sajini anamwogopa. Ni mimi, mzee mwenzenu." Nimeibandika kwenye mlango wa bwalo. Najipongeza.

Ijumaa, 10 Machi

Ndeti aliisoma kwa sauti wakati wa uji. Alipofika pale pa Sajini kuniogopa, wazee wawili walipaliwa.

Kisha akasema hii imeandikwa kwa kushoto, na mwenye kushoto atajulikana. Tukapangwa mbegu wote thelathini na wawili, kila mmoja aandike maneno yale yale kwa mkono huo. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa tayari. Niliandika vizuri hata kuliko jana, nukta zote mahali pake.

Hapo ndipo nilipokosea. Karatasi thelathini na moja zilikuwa kama kuku amepekua. Yangu ungeweza kuitundika ukutani. Ndeti aliishika kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu, kisha akaniuliza ni nini kingine ninachojua kuandika.

Jumamosi, 11 Machi

Karani.

Nilipanda karai, wakasema Karani, na hakuna aliyependekeza lingine. Kang'ethe ni Radi, bila mjadala. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jikoni.

Lakini niandike haki. Uji ulikuwa wa vuguvugu, na kwenye miguu iliyokwenda Mombasa ulikuwa na utamu wake. Halafu Karani hula meza ya wazee, kwa sababu ndiye anayewaandikia wachumba wao barua. Nimeshaandika tatu. Ndeti hakujua hata rangi ya macho ya msichana wake, nikamchagulia. Nimepata kipande cha pili cha nyama, na nimeshiba kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Tatizo ni kesho.

Jumapili, 12 Machi

Mutindi alivaa gauni la buluu. Mpango ulikuwa kuwaweka karibu na geti, mbali na watu. Ulidumu dakika tatu. Ndeti akapita akasema, "Karani, hawa ndio wageni wako? Karibu, mama." Papo hapo mtu akaita Radi ng'ambo ya uwanja, na Kang'ethe akaja mbio, akampa mama yake Mutindi mikono miwili. Mutindi akamuuliza kama yeye ndiye Radi. Akasema ndiyo, tangu jana. Mutindi akauliza, mko Radi wangapi hapa? Akasema ni yeye peke yake.

Nikasema yote. Hata asali. Niliona aibu kabisa, nikawa naongea na buti zangu.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama yake. Akauliza kama karani hufanya kazi ndani ya ofisi, chini ya mabati. Nikasema nadhani. Akasema Mungu amejibu, maana amekesha akiomba bintiye asiolewe na mtu wa kupigwa risasi. Mutindi akasema alijua tangu barua ya kwanza kwamba nadanganya. Tumesoma pamoja tangu darasa la tano, na mvua ikipiga ngurumo mimi ndiye niliyekuwa nikiingia chini ya dawati.

Ametaka kitu kimoja tu. Kuanzia leo barua ziwe za kweli, kila neno. Nikimdanganya tena, hatajibu. Nimeapa mkono juu, mama akiwa shahidi. Kisha tukala kuku na chapati walizobeba. Nina furaha sijui niiweke wapi.

Jioni hii naanza maisha mapya. Ugumu ni mmoja. Mtu akisema mwenyewe kwamba amebadilika, nani atamwamini? Lazima aseme mwingine, mtu anayejulikana kwamba hadanganyi. Kang'ethe yuko kwenye mazoezi ya kwaya, sitaki kumsumbua. Nimeshaanza, na inakwenda vizuri: "Mpendwa dada Mutindi, ni mimi Kang'ethe. Nakuandikia kwa hiari yangu, bila kuombwa na mtu, kukuhakikishia kwamba Mwangangi siku hizi husema kweli tupu."