Biskuti za Leodegar wa Lumemo

Sogeeni, enyi watu wa Ifakara na vitongoji vyake! Mwenye jembe aliweke chini, mwenye sufuria jikoni aiepue, nisimulie habari za Leodegar, fahari ya Lumemo, jemadari wa benchi la mbele katika banda la video, aliyeazimu mwaka wa tisini na saba kuutwaa utajiri kwa nguvu.

Aliona nini shujaa wetu? Aliona familia ya Kizungu kwenye kanda ya vichekesho. Baba hana kazi, mama anaoka biskuti, unga unamwagika, watoto wanagombana, na kabla kanda haijaisha wana kiwanda na gari jekundu. Kila mmoja akifungua kinywa, umati usioonekana unaangua kicheko. Eustaki mwenye banda alijua kicheko kile ni cha kubandikwa tu, lakini Leodegar hakumuuliza. Alikata shauri kwamba hao ni wateja, wamejipanga nje ya dirisha wakifurahia biskuti zinazokuja. Jamani, mtu wa namna hii umpe nini?

Akarudi nyumbani kifua mbele. Mkewe Balbina hakuwapo. Tangu Pasaka alikuwa shambani Michenga, juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, akifukuza ndege kwelea wasiumalize mpunga. Alikuwa ameacha debe la mwisho la mchele, la kuwafikisha kwenye mavuno. Leodegar akasimama mbele ya debe lile, akalihutubia.

"Wewe si chakula tena," akanena. "Kuanzia leo wewe ni mtaji."

Akalisaga lote. Akaukanda unga kwa maji na sukari kiduchu, mafuta hana, hamira hana, akaoka siku mbili kwa makaa chini na makaa juu. Moshi ukamshambulia naye hakurudi nyuma, ingawa nyusi zake zote ziliangukia vitani.

Siku ya tatu akatandika meza kando ya barabara, akangojea kile kicheko. Kimya. Mwezi wa tano, bwana wee! Hata mtoto anajua kwamba mwezi huo mji mzima unahamia mashambani, kila familia iko dunguni kwake. Alipita bibi Yosefina peke yake, mgonjwa wa miguu, akaitikia shikamoo, akauma biskuti moja, akairudisha pamoja na kipande cha jino.

Njaa ikamsukuma Michenga, gunia la biskuti mgongoni. Balbina akashuka, akaisikiliza hadithi yote mpaka kwenye gari jekundu, akagonganisha biskuti mbili, zikalia kama vigae. Hakupandisha sauti.

"Baba Fidelis, debe lile lilikuwa uhai wetu. Sasa tumebaki na mpunga huu uliosimama, na ndege wanautaka. Mawe huku mbugani hakuna. Chukua kombeo, panda juu."

Akapanda. Kwelea wakashuka kama wingu. Jemadari akazungusha kombeo, akavurumisha biskuti ya kwanza, ya pili, ya arobaini, zote zikipotelea majanini. Na ile ya arobaini na moja, enyi wasikilizaji, ikampata kwelea mmoja utosini, akaanguka! Leodegar akainua mikono juu na kujitangaza mshindi, mpaka majirani wakachungulia kutoka madungu yao.

Jioni Balbina akamnyonyoa ndege yule, akamchoma, akampasua katikati. Na iandikwe katika tarehe za bonde hili, wajukuu wasome: biashara ya Leodegar ilimlisha mkewe nusu ya kwelea, na mavuno yalikuwa bado wiki tano.