Matarumbeta Yaliponikatia Hitimisho

Leo nimeaibika. Tena mbele ya mbuzi.

Asubuhi nilikuwa Njoro, kule mjini, kwenye tuisheni ya kidato cha nne, nikifundisha aya ya mwisho ya insha. Nilitamba! "Hitimisho si mahali pa kuleta hoja mpya! La muhimu liseme mapema. Ukimaliza, kaa chini." (Nikakaa chini kuwaonyesha. Wakapiga makofi. Ningebaki pale pale.)

Mchana nikapanda nyumbani, juu ya Kiboriloni, kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu Upendo, anayeolewa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumpa baraka mbele ya wakwe. Akaninong'oneza, "Baba, tafadhali. Fupi."

"Mwanangu, si unanijua?"

"Ndiyo maana."

Nikashika kipaza sauti. Nikaanza na babu yangu alivyopanda kahawa. Nikashuka kwenye bei ya kahawa. Nikagusa soko huria. (Msiniulize.) Mawingu nayo yakashuka mlimani. Wakwe wakawa wanamtazama ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa mezani na majani mdomoni. Naye anawatazama wao.

Baraka nilikuwa nimeihifadhi mwisho kabisa, iwatoe watu machozi.

"Kwa kumalizia..." nikasema.

Matarumbeta! Kumbe Upendo alishapatana na mshereheshaji: baba akitamka tu "kwa kumalizia", pigeni! Watu wakainuka kucheza. Ndafu akabebwa, akanipita. Nikapaza sauti, "Baraka bado!" Nani asikie? Upendo peke yake alisimama katikati ya wachezaji, hachezi, ananitazama. Ameshaelewa. Macho yamemjaa.

Mama yangu akainua mkongojo. "Nyamazeni! Mjukuu wangu hatoki hapa bila baraka ya baba yake!"

Matarumbeta yakakatika. Ndafu akasimama njiani. Mshereheshaji, ambaye nilimfundisha mwenyewe miaka ile, akanisogezea kipaza sauti. "Mwalimu, sentensi moja. Na hoja mpya hatupokei."

Wakwe wakaangua kicheko. Nikaweka mkono kichwani kwa binti yangu. "Upendo, nenda na baraka zangu zote, na siku ukija nyumbani usibishe hodi."

Akalia. Nikalia. Wakwe nao wakalia (wao nadhani ni njaa).

Jumatatu nina kipindi. Wapiga tarumbeta wawili ni wanafunzi wangu wa asubuhi.

Kwa... basi. Nakaa chini.