Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Februari

Bila mimi, Lubumbashi isingejua kula. Sijisifu. Ninaandika ukweli tu, ili wajukuu wasije wakadanganywa. Nani aliwafundisha wakubwa wa kampani ya migodi kumega bukari, ugali wetu, kwa vidole? Mimi, Rigobert. Niliwaonyesha mara moja, wakashika. Mmoja alilia.

Na nani alibuni sistemu ya mafuta hapa mtaani Katuba? Mimi tena. Chupa ya mafuta inakaa ndani ya sanduku langu la chuma, chini ya kitanda. Ufunguo uko shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Kila jioni ninampimia mke wangu Wivine kifuniko kimoja cha chupa. Kimoja! Karanga ni Pasaka na Noeli. Kwa njia hiyo chupa moja inapita msimu mzima wa mvua. Watu wa wizara ya fedha wangekuja kujifunza kwangu, ila wanaona haya.

Shida ni Wivine. Hana mkono wa kupika. Lengalenga yake, mchicha ule wa kila siku, ina ladha ya maji ya mvua. Ninamwambia kila jioni, kwa upendo. Ninamkumbusha marehemu mama yangu, mke wa mtu wa reli: akipika sombe, majani ya muhogo, treni ya Kamina ilikataa kutoka stesheni mpaka dereva aonje. Wivine anajibu kwamba treni ile ilikuwa imekufa injini. Wivu huo.

Leo ameleta habari. Mama yake, Mama Kalaba, anafika kesho kutoka Kambove, atakaa mpaka Jumapili. Niliogopa. Hapana, nilifikiri. Desturi inasema mkwe haangaliani uso kwa uso na mama mkwe mpaka afungue buko: alete kuku mzima na kitenge kipya, wakae kwenye mkeka, mama amlishe tonge la kwanza. Tumeoana zamani, watoto wameshakwenda zao, na bado sijafungua. Si ubahili! Sijaona kuku anayelingana na heshima yake.

Basi nikatangaza: katika nyumba hii desturi itafuatwa! Sitamwona, sitamsalimia, nitakaa chumbani. Kuku nimemwokoa. Akili ya namna hii hawaifundishi hata chuo kikuu, kule Kasapa.

Wivine aliniangalia. Akauliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu: desturi yote, Baba Nono? Nikajibu yote, bila kupunguza hata kidogo. Akasema sawa. Alisema sawa haraka mno.

Jumanne, 3 Februari

Mama mkwe amefika. Nilisikia sauti tu, uso wangu ukiwa ukutani kama protokole inavyotaka. Halafu nikachungulia kwenye pazia. Sikumwangalia yeye! Niliangalia mizigo, na mizigo si mama mkwe wa mtu. Gunia la karanga! Bidoni la mawese, dumu zima, jekundu kama udongo wa barabara! Samaki wa kukaushwa, uyoga, na vinkubala, viwavi wa porini, wanene kama vidole vya askofu.

Mchana mbabula, jiko letu la makaa, ikawashwa mbele ya mlango. Harufu ikaingia chumbani bila hodi. Mungu wangu! Lengalenga ya karanga. Ile ile ya utotoni, ya kambi ya wafanyakazi, siku ya posho, mimi na suruali iliyotoboka nyuma. Nikakaa kitandani. Nikafunga taulo shingoni. Nikangoja sahani.

Wivine akaniletea chai na kipande cha bukari la jana.

Nikauliza ni nini hiki. Akanieleza kwa adabu, macho chini: mkwe ambaye hajafungua buko hali kwenye sufuria ya mama mkwe. Na sufuria ile ni ya mama. Ametoka nayo Kambove, na kila kilicho ndani yake pia. Halafu, kwa sauti tamu: "Si ulisema yote?"

Nje nikamsikia Osée. Osée ni jirani yangu, mtu anayepiga hodi pale tu bukari linapogeuzwa. Yeye si mkwe wa mtu hapa. Anaruhusiwa kukaa, kuangalia, kula. "Mama, iko tamu sana! Ongeza kidogo, tumbo haina mupaka!" Alisema akigeukia dirisha langu. Kusudi kabisa!

Tatizo lingine. Choo kiko nje, nyuma ya mbabula. Protokole haikufikiria choo. Inabidi nikohoe mlangoni, mama mkwe ageuze uso, ndipo nipite. Leo nilikohoa mpaka watu wakauliza kama nina kifua kikuu. Nikapita na mkono usoni, mbele ya Osée anayetafuna. Akanitakia safari njema.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Nilimwita Osée dirisha la nyuma. Nikamweleza kwa utulivu kwamba nataka kuchunguza mapishi ya Kambove, kwa ajili ya elimu. Aombe bakuli, ajifanye anampelekea mke wake Martine, azunguke nyuma, anipe. Akakubali. Ila kwanza nikiri kwamba katika mambo ya kula yeye ni mkubwa wangu. Nikakiri kwa sauti ya chini. Akasema hasikii vizuri sikio hilo. Nikakiri kwa sauti ya juu. Parsele nzima ikasikia, nyumba zote za uwanja wetu. Mtu mmoja akapiga makofi.

Nikangoja dirishani, kijiko mkononi. Osée akafika na bakuli. Ndani: mfupa wa samaki na jani moja. Akasema njia ilikuwa ndefu. Njia! Hata kuku kilema asingechoka! "Tonton, nilionja kama haina sumu. Minakulinda, wewe unakasirika!" Nikamwita mwizi. Akaniomba nirudishe bakuli upesi, kwa sababu wanagawa tena.

Mfupa niliunyonya. Kwa ajili ya elimu.

Jioni nikasimama dirishani, nikasema kwa nguvu ili mpishi asikie na yeye afurahi: huyu mama ana mkono! Huku ndiko kupika! Si kama watu wengine wa nyumba hii, wanaochemsha majani kama wanafua soksi! Halafu nikasikia Wivine na mama yake wakicheka. Walicheka sana. Wanawake wakipewa sifa wanakuwa hivyo. Hata yule ambaye sifa si zake.

Alhamisi, 5 Februari

Bukari lililolala na chai. Suruali imeanza kushuka. Nimeota treni imejaa karanga, mimi niko relini, na dereva ni Osée.

Mpango wa pili. Huu ulikuwa wa kiwango cha juu. Desturi inakataza kuangaliana. Haikatazi kutembea kipofu! Nikachukua kitenge cha Wivine, kile cha maua, cha misa. Nikajifunika kichwa mpaka magotini. Simwoni, haoni uso wangu. Basi kisheria mimi siko pale. Anayeweza kupinga hoja hiyo na aje.

Nikatoka nikifuata pua. Pua yangu inajulikana. Siku moja huko Kipushi nilinusa zinki chini ya ardhi, wahandisi wakafunga mashini zao kwa aibu. Leo pia haikukosea. Ilinipeleka moja kwa moja kwenye mbabula. Tatizo ni kwamba mguu ulifika mbele ya pua.

Makelele! Mama mmoja wa nyumba ya pili akalia kwamba wachawi siku hizi wanatembea hata mchana. Mtu akanimwagia maji ya kuoshea vyombo. Osée akanichapa na ufagio. Baadaye aliapa kwamba hakujua kuwa ni mimi. Lakini wakati ananichapa alikuwa akisema, "Rudi, Rigobert! Rudi!"

Sufuria haikumwagika hata tone. Nilimwagika mimi. Wivine anasema mama yake alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika. Alikuwa analia kwa huruma, nina hakika. Kitenge kimepata tundu la moto pembeni. Wivine hajaona. Nimekikunja vizuri.

Ijumaa, 6 Februari

Kidole gumba cha mguu kimevimba kama kitunguu. Leo wamepika vinkubala na nyanya. Nimeuma mto.

Sijashindwa. Nimebadilisha siasa. Nilimwambia Wivine kwamba, kwa sababu ya kuipenda familia, nitafungua buko kesho. Akaniuliza nimepata wapi upendo huo ghafla. Nikamwambia umekuwa ukikua polepole, chumbani.

Nikaenda sokoni nikichechemea. Kuku wote wa Lubumbashi wamekuwa na kiburi. Nilitembea mpaka nikampata mmoja anayejua hali ya maisha: jike mzee, jicho moja, anakohoa. Muuzaji alinishukuru mara nyingi, halafu akaondoka haraka. Na kitenge? Kitenge ninacho. Kile cha maua. Nimekipiga pasi, tundu limekunjwa ndani. Ukikiona hivi hivi, kimetoka dukani leo.

Osée anasema atakuja kuwa shahidi. Sikumwalika. Nimejiuliza vizuri, na kweli sikumwalika.

Jumamosi, 7 Februari

Siku kubwa. Mkeka ulitandikwa sebuleni. Nilivaa koti la harusi. Wivine akanishika mkono, akaniingiza kinyumenyume, halafu akanigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamwona mama mkwe wangu. Mama mdogo, mkavu, macho makali. Amejifunika kitambaa kikubwa mabegani. Akaniangalia. Akamwangalia kuku. Kuku akakohoa. Mama akauliza kwa upole ni yupi kati yetu wawili anayeumwa.

Kitenge akakipokea Wivine. Akakikunjua. Akaliona tundu. Akakitambua kitenge chake. Akakikunja tena, akakikalia. Nikaona ndoa yangu iko chini ya kitenge kile, lakini harufu ya sufuria ilikuwa karibu, na mtu hawezi kuogopa mambo mawili kwa pamoja.

Tonge la kwanza alinilisha kwa mkono wa kushoto. Nilishangaa, lakini nikasema labda Kambove ndiyo desturi. Bukari, lengalenga ya karanga, samaki kidogo. Nikafumba macho. Ee! Ilikuwa ile ile! Machozi yakatoka. Nikawaambia ni pilipili. Osée akasema haina pilipili. Hakuna aliyemuuliza.

Nikala. Nikarudia. Nikarudia tena. Halafu nikasimama kutoa hotuba, maana watu walikuwa wanaingoja. Nikasema: Mama, miaka yote hii binti yako amenilisha majani kama mbuzi wa kafara. Sikulalamika. Leo nimejua mkono ulikobaki: ulibaki Kambove. Ninakuomba, kabla ya kuondoka, umfundishe. Hata kidogo tu. Hata harufu.

Wivine alikuwa anachambua samaki, taratibu.

Mama mkwe akatoa mkono wa kulia chini ya kitambaa. Umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Umevimba. Akasema tangu kiangazi kilichopita mkono huu haushiki kitu, hata kikombe. Ndiyo sababu amekuja mjini, mganga wa mifupa amuone. Sufuria ni yake, karanga ni zake, mafuta ni yake. Lakini kupika? Yeye alikaa kwenye kiti na kupiga hadithi. Akamwonyesha Wivine kwa kidevu. "Mupishi ni ule pale, mukwe wangu. Ule unamuita hana mukono."

Osée akaanguka kutoka kwenye kigoda. Akabaki chini, akipiga mkeka kwa ngumi. Mama wa nyumba ya pili akaingia kuuliza kama kuna msiba.

Nikamgeukia Wivine. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakuficha kitu, alikuwa anapika mbele ya mlango, mchana, kila mtu anaona. Ni mimi niliyekuwa nageukia ukuta. Tena lengalenga ni ya mama yule yule wa soko, ambaye ananunua kwake kila siku. Kilichobadilika ni kwamba wiki hii mafuta hayakulala chini ya kitanda. Kisha akaniuliza kama niongezewe.

Nikasema hapana, nina heshima yangu. Nikakaa nayo kidogo. Halafu nikasema ndiyo.

Jumapili, 8 Februari

Mama mkwe amerudi Kambove baada ya misa. Kuku amemkataa kwa heshima, anasema asisumbuliwe mgonjwa. Amemwachia Wivine bidoni la mawese na gunia dogo la karanga. Aliagana nami uso kwa uso. Akaniambia nimshike vizuri binti yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye niliyemfunza. Maana ukifikiri vizuri, ni hivyo. Mtu aliyezoea kupika kwa kifuniko kimoja, ukimpa bidoni, lazima ashinde dunia. Kipaji kile nimekitengeneza mimi, kwa miaka, kwa shida! Osée nimemweleza. Alikwenda zake. Hoja ilimzidi.

Sasa mali kama hii haiwezi kuachwa hovyo jikoni. Nimeingiza bidoni na karanga ndani ya sanduku, nikafunga. Kwa furaha ya sherehe nimepandisha kipimo: kifuniko kimoja na robo. Wivine aliangalia kifuniko, akaangalia ukuta, akapika.

Lengalenga ya leo ilikuwa maji ya mvua. Nikamwambia ukweli, kwa upendo: mama ameondoka tu, mkono umeondoka naye. Akaniomba kikombe kimoja cha karanga. Nikakataa katakata. Nikasema karanga ni za Pasaka, nyumba inahitaji nidhamu, njaa ya leo isile kesho yetu. Nilisema vizuri sana.

Lakini ukweli ni kwamba sanduku sikuweza kulifungua mbele yake. Karanga zimekwisha. Nilizila mchana, mbichi, mlango umefungwa, gunia zima, na sasa ninakohoa mlangoni nipite kwenda chooni, ingawa hakuna tena mtu wa kugeuza uso.