Unyoya Mweusi na Mbavu za Mwavuli

Jumatatu, 17 Novemba 1975

Nimeshtuka mpaka chaki imeniponyoka. Citoyen Hippolyte, mkuu wa michezo katika biro ya zone, yaani wilaya yetu, ameingia darasani kwangu bila hodi na kutangaza kwamba sikukuu ya taifa ya tarehe 24 hakuna mpira. Tunarudi kwenye michezo ya mababu. Mashindano ya upinde! Wanawake pia! Mshindi wa kike atapanda treni kwenda kushindana Lubumbashi pamoja na wajumbe wa zone.

Lubumbashi! Chuo kikuu kimenikubali tangu Agosti, na nafasi yangu inangoja mpaka Desemba tu. Aliyekataa njo Papa. Anasema binti yake hapandi treni peke yake, hata dereva awe malaika. Jioni nimemuuliza: na kama natumwa na zone? Amekuna kidevu, akasema serikali ikinituma, yeye ni nani?

Basi. Nitashinda.

Upinde ninao, wa marehemu babu. Ila mshale hupita juu ya kidole, na unyoya ukipita kwa kasi unakata kama wembe. Mtu aliyesoma fizikia hawezi kuishi hivyo. Nimechomoa ubavu mmoja wa mwavuli wa Papa, nikaukunja, nikaufunga kwenye upinde pale mkono unaposhika. Kiegemeo! Mshale umekaa juu yake kama askofu kitini.

Nimefyatua. Unyoya umegonga chuma, ukapasuka katikati. Mshale umepinda hewani na kuzama katika sufuria ya mboga ya sombe ya jirani yetu, Mama Pascasie. Ameuliza kupitia ukuta kama hiyo njo sayansi tunayofundisha watoto wa watu.

Jumanne, 18 Novemba

Adui ni msuguano. Dawa ya msuguano ni mafuta. Nimepaka kiegemeo mawese, kwa ukarimu.

Manyoya yameshikana kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Mshale umeanguka miguuni pangu. Jogoo wa Mama Pascasie amekuja kuudonoa!

Nimefunga kipande cha ngozi ya mbuzi juu ya chuma ili kiwe laini. Ngozi imeng'oa unyoya mzima. Nimeongeza ubavu wa pili ili uushike wa kwanza. Manyoya mawili yamekwenda kwa mara moja. Ajabu! Kadiri ninavyokiboresha, ndivyo kinavyokula.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Papa amerudi kutoka gare, kituo cha treni, amelowa upande mmoja. Amelaani wafanyabiashara wa Kigoma wanaotuletea miavuli mibovu. Nimemwunga mkono kwa nguvu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeona jambo ambalo limenitetemesha.

Mpinzani wangu ni Bertille, mwalimu wa darasa la tano. Hadharani anaitwa Citoyenne Mujinga, kama inavyotaka sheria iliyofuta majina ya Kizungu, lakini shajara haina jandarma wa kuikagua. Ana sauti ya upole inayoudhi. Leo nimejificha nyuma ya matete kando ya mto Lukuga nikamtazama akifanya mazoezi. Hana kiegemeo! Anaweka mshale juu ya kidole kama mtu wa zamani za kale. Mishale yake yote imefika shabaha. Manyoya yake mazima, kana kwamba ndege bado anayavaa!

Kisha nimegundua. Kila mshale wake una manyoya matatu: mawili meupe, mmoja mweusi. Kabla ya kufyatua anageuza mshale mpaka mweusi utazame nje, na midomo yake inacheza.

Dawa! Mwalimu mwenye diploma ya serikali! Nimeshtuka, nikapiga chafya.

Ameniita nitoke kwenye matete kabla siafu hawajanila. Nikamuuliza wazi, unyoya mweusi una kazi gani? Amecheka. Amesema mweusi ni alama ya jicho tu. Ukiutazamisha nje, mbali na upinde, yale mengine mawili yanapita pembeni bila kugonga mti wala kidole. Na ile midomo? Anaimba. Mwishowe ameniambia, Pélagie dada yangu, toa hicho chuma, unajitesa bure.

Siri yake yote, bure, kwa mpinzani? Nani anafanya hivyo? Hiyo si siri. Siri ni weusi wenyewe.

Ijumaa, 21 Novemba

Mtu mwenye unyoya mweusi mmoja lazima ageuze mshale. Mtu mwenye matatu hageuzi kitu: upande wowote, mweusi uko nje. Hesabu rahisi! Bertille hakuifikiria.

Kalemie nzima haina mkia mweusi kama wa jogoo wa Mama Pascasie. Nimemvizia alipokuwa akiota jua. Amepiga kelele ambazo sitazisahau. Nimepata manyoya mengi kuliko nilivyokusudia.

Nimeyabandika kwa ulimbo. Sijajaribu. Dawa haijaribiwi.

Jumamosi, 22 Novemba

Salongo. Mtaa mzima tulikuwa tukifyeka majani barabarani, kama kila Jumamosi. Mama Pascasie amekuja na jogoo kwapani, akamgeuza nyuma mbele ya watu wote. Hakuna mkia! Amesema kuna mwizi wa ajabu Kalemie, anaacha nyama anaiba mapambo. Watu wamecheka mpaka majembe yameanguka. Fundi mmoja amesema jogoo huyo sasa ni mbunge mstaafu. Mimi nimeendelea kufyeka. Nimefyeka maua ya padri.

Papa ameniangalia mikono. Ulimbo na vumbi jeusi. Amekwenda kuniletea sabuni. Hilo njo limenitisha.

Jumatatu, 24 Novemba

Ni usiku, mafuta ya taa yanaisha. Naandika hivyo hivyo.

Uwanja umejaa. Wakubwa chini ya turubai, bendera juu ya mlingoti, Papa mstari wa mbele amevaa abacost yake nzuri. Bertille ametangulia: mishale mitatu, yote katika shabaha. Mimi nilihitaji mitatu, na mmoja katikati kabisa.

Nikavuta. Nikaona treni, nikaona Lubumbashi, nikaona maktaba. Nikaachia.

Kile chuma kimetafuna manyoya meusi kama yalivyotafunwa yale meupe! Vipande vimeruka usoni mwangu. Mshale umepinda kushoto, umepanda, umekata kamba ya bendera.

Bendera ikaanza kushuka.

Kila mtu hapa anajua: bendera ikipanda au ikishuka, unasimama ulipo, hutikisiki mpaka tarumbeta imalize. Uwanja mzima umeganda. Wakubwa wameganda. Citoyen Hippolyte ameganda na andazi la beignet nusu mdomoni. Bendera imefika chini, lakini tarumbeta haikulia, kwa sababu mpigaji naye ameganda! Mbuzi wawili wamepita katikati ya uwanja, wakala shada la maua la zone. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Mwishowe mpigaji ameamka, akapiga. Jandarma amenishika kiwiko, akauliza ni nani aliyenituma kushusha bendera ya taifa siku ya sikukuu.  Nimemwona Papa akija, uso wa majivu.

Aliyesema ni Bertille. Kwa ile sauti ya upole, mbele ya wakubwa, ameuliza: kamba nzima hukatwaje na kijiti cha mchezo? Si ilikuwa imeoza? Na ni biro gani inayoitunza kamba hiyo?

Citoyen Hippolyte amemeza beignet yote kwa mpigo. Ametangaza kwamba uchunguzi umekwisha.

Bertille ameshinda. Papa amenishika mkono mpaka nyumbani. Lubumbashi imekwisha.

Jumanne, 25 Novemba

Sielewi dunia. Bertille amekuja nyumbani, akapiga magoti kumsalimu Papa, akasema naye baba yake hamruhusu kusafiri na wanaume peke yao. Zone imekubali achukue mwenzake wa kike, na anamwomba Pélagie.

Papa amekuna kidevu. Kisha amesema niende, mradi nisiguse upinde wa mtu.

Nimelia. Kwa nini mpinzani anafanya hivi? Nimemfikiria vibaya wiki nzima! Lazima nimlipe wema huu.

Alhamisi, 27 Novemba

Kabalo. Treni imesimama, Bertille ameshuka kutafuta ndizi. Podo lake na upinde wake viko hapa, kando yangu. Maskini: mishale yote ile, na kila mmoja una unyoya mweusi mmoja tu. Na bado anahangaika kugeuza na kugeuza.

Kwa bahati nilikuja na mkia wa jogoo uliobaki, na ulimbo. Nimeng'oa yale meupe yote. Sasa ni meusi, matatu matatu, hata yeye hataweza kuyatofautisha! Upinde wake sikuugusa kwa mkono, nimetumia kitambaa. Umepata kiegemeo kilichofungwa vizuri, cha ubavu wa tatu wa mwavuli wa Papa.

Namwona anarudi na ndizi, anatabasamu, hajui kitu. Atashtuka!